Alainimenti inawagombanisha mezani? Angalia dalili, tafuta chanzo

Kundi lolote likicheza Dungeons & Dragons (gemu ya mezani ya kuigiza karakta wa kubuni na kurusha kete) muda wa kutosha itafika tu siku zimwi limesimama mlangoni linasubiri zamu yake na hakuna anayelijali, watu wako bize wanabishana kama alichofanya paladini, yule shujaa wa kiapo kitakatifu, ni uovu au siyo, kete zimelala, DM (msimamizi wa mchezo) kashika kichwa, na kuna mmoja kashanuna anachezea simu. Lawama zote zinatupiwa alainimenti, yani yale maneno mawili kwenye karatasi ya karakta yanayotaja msimamo wake wa maadili. Mi hii kitu naipenda toka moyoni, manake ni njia fupi sana ya kumjua mtu wa kubuni kabla hujaanza kumcheza, na inaniuma kuona watu wanaifuta kwa hasira wakati shida yao ilikuwa sehemu nyingine kabisa.

Msimamo wangu ni mmoja na utauona kwenye kila dalili huko chini. Alainimenti inaeleza karakta ameishije mpaka leo, haimwamrishi afanye nini kesho. Karibu kila ugomvi niliouona ulitokana na mtu kuigeuza, akaifanya amri au akaifanya kisingizio.

Kwa wageni, ni mistari miwili tu. Wa kwanza unatoka kwa mwema, unapita wa kati, unaishia kwa mwovu, na swali lake ni unawafanyia nini watu wengine, hasa wale wasio na cha kukulipa. Wa pili unatoka kwenye sheria unakwenda kwenye fujo, na wenyewe unauliza ukibanwa unaegemea wapi, kwenye utaratibu na ahadi na cheo na mila, ama kwenye dhamiri yako mwenyewe na uhuru wako. Tatu mara tatu unapata aina tisa. Mwema wa sheria, mwovu wa fujo, wa kati kabisa, na kadhalika.

Dalili: mtu anawaibia wenzake halafu anasema "ndo karakta wangu alivyo"

Hii ndo inayoua meza nyingi. Mmelala kambini, mwizi wenu ambaye ni wa kati wa fujo anaamka usiku anachomoa dawa ya uponyaji kwenye begi la kasisi, kesho yake kasisi anakata roho vitani kwa kukosa hiyo hiyo dawa, mkimuuliza pleya anawaonyesha karatasi, si nimeandika wa fujo jamani.

Chanzo cha kwanza ni vitabu vyenyewe. Toleo la pili la mwaka 1989 liliwaeleza hawa watu vibaya sana, likasema vichaa huwa wanaangukia kundi hili na kwamba kitu pekee unachoweza kuwategemea nacho ni kwamba hawategemeki, na watu wengi waliojifunza gemu enzi zile wakawafundisha wadogo zao hivo hivo. Toleo la 3.5 la mwaka 2003 lilikuja kusahihisha waziwazi, likasema mtu wa namna hii hatabiriki sana lakini tabia yake siyo ya bahati nasibu, akifika darajani hana uwezekano sawa wa kuvuka na wa kujirusha. Kama kwenye kundi lenu kuna mtu anayemcheza wa fujo kama anarusha sarafu kila asubuhi, msomee hiyo sehemu.

Chanzo cha pili ni kigumu zaidi kukisema manake kinamhusu binadamu na siyo karatasi, pleya amechoka, au anataka kuonekana, au hajapewa kitu cha kwake kwenye hadithi kwa hiyo anajitafutia. Ukimhukumu karakta hapo hujatibu kitu. Kaa naye pembeni muulize karakta wako anataka nini, anamwogopa nani, na kwa nini bado anatembea na hawa watu badala ya kwenda zake. Hilo la mwisho ndo dawa. Mtu wa fujo hafungwi na cheo wala mkataba ni kweli, ila anaweza kufungwa na mapenzi, na deni la maisha, na urafiki, na mara nyingi anafungwa navyo kwa nguvu kuliko yule wa sheria kwa sababu kavichagua mwenyewe. Akishapata jibu utaona mikono inaanza kwenda kwenye mifuko ya matajiri wa mjini, inaacha begi la kasisi.

Na kwenye kikao cha kwanza kabisa kabla ya kampeni (ile hadithi ndefu ya vikao vingi) wekeni kanuni ya meza, siyo ya karakta: hakuna kumuibia wala kumshambulia mwenzako mpaka pleya mwenye karakta akubali. Haijalishi kaandika nini kwenye karatasi.

Dalili: paladini amekuwa polisi, au paladini anaanguka kila wiki

Nakaa hapa kidogo manake ni dalili moja yenye sura mbili, sura moja kosa ni la pleya na nyingine kosa ni la DM.

Kwenye toleo la 3.5 paladini lazima awe mwema wa sheria, akitenda uovu kwa hiari yake anapoteza nguvu zote za kazi yake pamoja na yule farasi wake wa kimiujiza, na tena haruhusiwi kushirikiana kwa kujua na mtu mwovu. Sasa chukua sheria hiyo umpe DM anayependa mitego. Goblini, kijitu cha ngano, kafungwa kamba kwenye mti, kajisalimisha, kashawaambia njia ya kwenda pangoni. Mwizi anasema tumchinje, tukimwacha atatangulia kuwaambia wenzake. Mchawi kanyamaza. Kijiji kinashambuliwa usiku wa leo na ni mwendo wa masaa matatu. Wote wanamgeukia paladini. Akiua kaua mateka, akimwachia damu ya kijiji iko juu yake, akikaa kumlinda kachelewa, na DM yuko kule nyuma ya skrini yake kashaandaa adhabu kwa kila jibu. Huo siyo mtihani wa maadili. Paladini alishaanguka kabla hajafungua mdomo.

Ukiwa DM fanya hivi. Kwanza soma maneno yenyewe, ni *kwa hiari*, na ni *uovu*. Kukosea siyo uovu, kudanganywa siyo hiari, na kuchagua baya dogo kwenye hali uliyoitengeneza wewe DM siyo sababu ya kumvua mtu nguvu. Pili, muonye kabla. Karakta amekulia hekaluni, amefundishwa miaka, anajua mungu wake anachukia nini, wakati pleya ametoka kazini jioni hii na anakumbuka kurasa mbili, kwa hiyo sema wazi "moyoni unahisi hili litamchukiza mungu wako, unaendelea?" halafu akiendelea ni lake. Tatu, hakikisha kuna njia moja ya heshima hata kama ni ya gharama, mfano goblini ale kiapo kwa jina la mungu wake mwenyewe, au wamfunge waache maji na mtu mmoja arudi kesho, paladini alipe kwa kupoteza muda au dhahabu au usingizi lakini asilipe kwa roho yake.

Na akianguka kweli, hiyo ni hadithi nzuri usiimalize kwa dharau. Vitabu vina uchawi wa kutubu, ni wa ngazi ya 5 kwa kasisi, unachukua saa nzima kuusoma, na hauna maana kama mkosaji hajajuta kwa dhati. Mpe safari ya kwenda kumtafuta kasisi wa kumfanyia.

Sura ya pili ni paladini polisi. Kila mtu akitaka kudanganya mlinzi anazuia, mwizi akifungua kufuli anahubiriwa, mpaka wenzake wanaanza kufanya mambo akiwa amelala. Hapa swali ni moja, sheria zako zinamfunga nani? Kiapo cha paladini kinamfunga paladini. Mwambie aandike mambo matatu ambayo *yeye* hatayafanya hata akifa, na asiandike hata moja linaloanza na "wenzangu wasi...". Mwema wa sheria anayependeza mezani ni yule ambaye wengine wanaona aibu kumdanganya kwa sababu yeye hajawahi kuwadanganya.

Ila angalia mnacheza toleo gani, manake kuanzia 2014 paladini haulizwi tena alainimenti, anakula kiapo, na mwenye kiapo cha kisasi kwa mfano maneno ya kiapo chake yanasema kabisa wasiwasi wa moyoni usimzuie kuwamaliza maadui zake. Ukimhukumu huyo kwa sheria za 3.5 unamwonea.

Dalili: "mwema wa sheria" anatii hata mfalme katili

Chanzo, mtu kadhani sheria inayosemwa hapa ni sheria za serikali iliyopo. Siyo. Karakta wa sheria akiingia kwenye mji unaouza watumwa halazimiki kukubali eti kwa sababu kuna hati na mhuri, anaweza kupinga kwa utaratibu wake, kwa jeshi lenye nidhamu, kwa kiapo, kwa kupeleka kesi kwenye mamlaka ya juu zaidi. Anachokwepa ni kufanya kila kitu kwa hisia za dakika hiyo.

Ukitaka kuwashawishi wenzako kwamba mistari hii miwili imetengana kweli, waonyeshe Vita vya Damu kwenye ulimwengu wa Planescape uliotoka mwaka 1994. Mashetani wa Jehanamu Tisa ni waovu wa sheria, wana vyeo, wana mikataba, wanaheshimu kila herufi waliyosaini huku wanakutafuna. Mapepo wa Abyss, lile shimo lao la kuzimu, ni waovu wa fujo, kila mmoja anajifanyia lake. Wote waovu mpaka mwisho, na wameuana wao kwa wao kwa muda usiohesabika, kisa mstari wa pili peke yake. Mtu akishaelewa hiyo vita haulizi tena kama mwovu anaweza kuwa mtu wa sheria.

Dalili: uchawi wa kugundua uovu "haufanyi kazi"

Paladini anamwelekezea diwani mla rushwa, DM anasema huoni kitu, ugomvi unaanza. Hapa hakuna mkorofi, mnacheza matoleo tofauti vichwani. Kwenye la tatu uchawi huu unasoma alainimenti yenyewe, ukitazama raundi ya kwanza unajua uovu upo au haupo, ya pili unajua ni wangapi na nguvu yake, ya tatu unajua yuko wapi hasa, na paladini anautumia atakavyo. Kwenye toleo la tano la 2014 jina linafanana ila kazi ni nyingine, ndani ya futi 30 unahisi viumbe wa aina fulani tu, mizuka na maiti hai, mashetani, malaika, viumbe wa moto, maji, upepo na ardhi, viumbe wa kichawi wa msituni (fey), na viumbe wa kigeni kabisa. Diwani ni binadamu, hata awe mwovu vipi haonekani.

Haya mambo yamebadilika sana na kila mtu anakumbuka alipoanzia yeye. Gemu ilipotoka 1974 kulikuwa na tatu tu, sheria, kati na fujo, hakuna mwema wala mwovu. Gary Gygax akaandika makala mwaka 1976 akaongeza mstari wa pili, kitabu cha wachezaji cha 1978 kikaja na zote tisa, na enzi hizo alainimenti ilikuwa na lugha yake ya siri kabisa, na ukibadilika unapoteza ngazi moja uliyoipata kwa jasho. Toleo la nne la 2008 likapunguza zikawa tano, la tano likarudisha tisa na kuweka ya kumi kwa viumbe kama wanyama ambao hawana habari na mambo haya, ila likaondoa karibu adhabu zote. Kwa hiyo mtu aliyekomaa na vitabu vya zamani akikaa na mtu aliyeanza juzi wanatumia neno moja kwa vitu viwili. Ulizaneni "unatoka toleo gani" kabla hamjaulizana "wewe unajua maadili wewe?"

Waliotokea kwenye kompyuta nao wana yao. Neverwinter Nights ya 2002 ilikuwa inahesabu, kila mstari una namba kutoka 0 mpaka 100, ukifika 70 kwenda juu wewe mwema, ukishuka mpaka 30 wewe mwovu, na jibu baya kwa mkulima linakukata pointi hapo hapo unaona maandishi yanapita. Mtu aliyezoea hivo akija mezani anauliza "nimepungukiwa ngapi?" na anataka kumpa ombaomba dhahabu 5 ili kufidia mauaji ya jana. Mweleze taratibu kwamba mezani DM haongozwi na pointi, anaangalia mwenendo. Tendo moja halimbadilishi mtu labda liwe kubwa la kutisha, ila tabia ya sesheni nne tano mfululizo inambadilisha, na hapo mnafuta mnaandika upya bila kelele. Ndo maana nashauri iandikwe kwa penseli.

Dalili: druidi wa kati anahama upande katikati ya vita

Hili sidhani kama pleya ana kosa, kitabu cha 1989 kilitoa mfano huo huo, druidi (kasisi wa misitu na maumbile) anajiunga na jeshi la bwana wa eneo kuwapiga gnoll, wale wenye vichwa vya fisi, halafu wakikaribia kuisha anajitoa au anahamia kwao ili mizani isiegemee. Kwenye karatasi inavutia, mezani hakuna rafiki anayevumilia. Mchezeni wa kati kama watu wengi walivyo, anampenda mkewe na shamba lake na mto wake, hatajitoa muhanga kwa mgeni lakini hatamdhuru pia. Akitaka mizani kweli basi aitafute kwenye mambo makubwa, misitu na miji, aache kuitafuta kwenye maisha ya wenzake aliokula nao asubuhi.

Dalili: mmekuta watoto wa goblini pangoni

Mnaua wapiganaji wote, mnafungua chumba cha mwisho, watoto kumi wamejikunyata. Mmoja anasema wamezaliwa waovu tuwamalize, mwingine anasimama mlangoni kuwakinga, na kampeni nzima inaning'inia.

Kabla ya hasira fungueni kitabu cha viumbe cha 3.5 mwone maneno madogo ambayo watu huwa wanayaruka. Kuna viumbe wameandikiwa *siku zote*, kuna *kwa kawaida*, kuna *mara nyingi*. Siku zote ni kama mashetani, wamezaliwa navyo. Kwa kawaida ni zaidi ya nusu yao, na goblini wako hapo. Mara nyingi ni kati ya asilimia 40 na 50, na orki wako hapo. Yani kitabu chenyewe mnachokitumia kama ushahidi kinasema orki nusu au zaidi siyo waovu wa fujo. Na kitabu cha viumbe cha 2014 kinasema wazi kwamba alainimenti iliyoandikwa kwa kila kiumbe ni ya kuanzia tu, DM yuko huru kuibadilisha. Mi naamini hakuna mtoto aliyezaliwa kachaguliwa upande, na meza ninayoisimamia inacheza hivyo, ila muhimu zaidi DM aseme mapema dunia yake inaendaje, na kama hataki mjadala huo asiwaweke watoto pangoni.

Dalili: kuna mwovu mmoja kwenye kundi la wema

Inawezekana na inaweza kuwa tamu sana, sharti awe mwovu mwenye sababu ya kuwahitaji hawa watu na mwenye akili ya kungoja. Mwovu wa sheria anafaa zaidi manake anatimiza ahadi. Mwovu wa fujo kwa kundi la kawaida mi nakataa mapema. Na kama kuna paladini wa 3.5 mezani hapo hamna mjadala, mmoja abadilike kabla hamjaanza.

Dalili: mmejaribu yote bado mnagombana

Basi iondoeni, hamtakuwa wa kwanza. Pathfinder, ambayo ilianza kama mtoto wa 3.5, iliiondoa kabisa kwenye vitabu vyake vipya vya 2023, ikabakiza mambo ambayo karakta anajitahidi kuyafanya na miiko ambayo haivunji. Inafanya kazi hata kwenye gemu nyingine. Kila mtu aandike mambo mawili na mwiko mmoja, na yawe vitu ambavyo DM anaweza kuviweka mbele yake usiku wa leo. "Kuwa mkarimu" haisaidii. "Anamlisha yeyote anayebisha hodi, hapokei zawadi kwa mtu mwenye cheo, na hamwachi maiti bila kumzika hata akiwa adui" hiyo inasaidia, manake kesho DM anaweka maiti hamsini na saa moja ya mwanga, na unaanza kuchimba.

Mkiamua njia hii pitieni pia silaha na uchawi unaotaja mwema na mwovu kwa jina, kwenye 3.5 ni vingi mno, muamue kabisa vinawapiga nani. Sisi tuliviacha viwapige mashetani na maiti hai peke yao na sijasikia malalamiko.